Gomesi ya poliesta inatoka kufuliwa safi, ukiivaa kidogo inanuka jasho la zamani. Kosa ni la kitambaa au la ufuaji?

#1 Mama Wasswa, Jinja
Habari zenu wanajamvi. Nina gomesi, lile gauni letu refu la sherehe la kina mama wa Uganda lenye mabega yaliyosimama, ya satini, zambarau iliyoiva, nilishonewa kwa ajili ya kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani) ya mdogo wangu. Naifua kwa mkono, nasuuza, naanika. Ikiwa kabatini ukiinusa hupati kitu. Nikiivaa na kupanda taksi, joto likishapanda tu, kwapani panatoka harufu ya jasho la sherehe iliyopita, siyo la siku ile. Gomesi yangu ya pamba haina tabia hiyo, na mwili ni huuhuu, sabuni ni hiihii. Muuzaji aliniambia ni hariri ya India, shemeji yangu anasema ni poliesta tupu. Harufu inakaa wapi, na inatolewaje? Msiniambie niitupe. Imekula mita sita na ujira wa fundi.

#2 Kijana wa Owino
Pole sana. Kamulia limao kwapani, acha ilale, asubuhi fua. Kwisha habari.

#3 Hajati wa Bombo
Wewe kijana, limao kwenye satini ya zambarau? Ajaribu kwanza kwenye pindo la ndani, kuna rangi zinabadilika zikiguswa na kitu kichachu. Mama Wasswa, unaanika wapi? Msimu wa mvua tunaning'iniza nguo sebuleni zinakaa na unyevu, halafu tunasingizia jasho kumbe ni ukungu.

#4 Mama Wasswa, Jinja
Naanika nje, Hajati, kwenye kamba nyuma ya nyumba, na nimeigeuza ndani nje. Harufu ya ukungu naijua. Hii ni jasho.

#5 Fundi wa Kiyembe
Nashona gomesi kila wiki ya Mungu, naomba nisikilizwe. Watu wanalaumu kitambaa cha juu, hawaangalii kilicho ndani. Lile bega la gomesi linasimama kwa sababu tumeweka kitambaa kigumu cha kukazia, kile chenye gundi upande mmoja, tunakipiga pasi kinashikana na satini. Pale kwapani mshono wa bega unakutana na mshono wa ubavu na wa mkono. Geuza gomesi yako uhesabu matabaka: satini, kikazio, bitana, halafu mikunjo ya mishono yote mitatu. Jasho likiingia pale halitoki kwa kufikicha juu juu. Maji ya sabuni yanapita nje, katikati panabaki.

Fanya hivi: shika mshono wa kwapa kwa vidole viwili, uuvute ufunguke kidogo, tia sabuni ya mche ndani yake, tumia mswaki laini. Nguo yote haina shida, shida ni eneo la kiganja kimoja. Na safari ijayo mwambie fundi wako aweke bitana ya pamba kwapani. Nguo haiharibiki sura, haionekani nje.

#6 Mwalimu wa Kemia, Mbale
Fundi amesema la maana, ila hajamaliza. Mbona fulana za kuchezea mpira hazina kikazio wala bitana na bado zinanuka vilevile? Tabaka moja tu la poliesta, na kijana akivua chumba kizima kinajua.

Sababu iko kwenye uzi wenyewe. Poliesta ya nguo ni kitu kilekile cha chupa za maji ya kunywa, imeyeyushwa ikavutwa kuwa nyuzi. Haipendi maji. Katika hewa ya kawaida pamba hushika unyevu wa karibu asilimia 8 ya uzito wake, nailoni karibu 4, poliesta 0.4 tu. Ndiyo maana inakauka upesi kwenye kamba. Lakini kisichopenda maji kinapenda mafuta. Jasho la kwapani halina maji peke yake, lina mafuta ya mwili pia, na mafuta hayo yanaganda kwenye uzi wa poliesta na kugoma kuachia maji baridi. Vijidudu vinapata chakula pale.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walichapisha jambo hili mwaka 2014. Walichukua fulana za watu 26 waliofanya mazoezi, wakaziacha kwa saa 28, kisha wakazinusisha na kuzipima. Za poliesta zilinuka vibaya zaidi kuliko za pamba, na bakteria wa jamii ya Micrococcus walistawi kwenye poliesta kuliko kwenye pamba. Kwa hiyo Mama Wasswa, kabatini nguo imekauka, wadudu wametulia. Ukipata joto na jasho jipya kwenye taksi, wanaanza kazi tena juu ya mafuta yaleyale ya zamani. Maji ya vuguvugu ndiyo yanayohitajika. Baridi haitoshi.

#7 Mzee wa Arua
Mwalimu, nakuheshimu, lakini sisi tulivaa terilini na tetroni miaka ya 60 na 70, suruali inasimama kama imechongwa, na hakuna aliyekuwa ananuka. Kitambaa cha zamani kilikuwa kizito na cha uhakika. Hizi za leo ni nyepesi, za kuuzia macho. Wamarekani walipovumbua kitu hiki mwaka 1938 hawakukusudia takataka hizi.

#8 Mwanafunzi wa Mitindo
Shikamoo Mzee. Iliyotangazwa na Wamarekani mwaka 1938 ni nailoni, kazi ya Wallace Carothers na wenzake wa kampuni ya DuPont. Poliesta ya nguo ni ya Waingereza, John Rex Whinfield na James Tennant Dickson. Walikuwa wakifanya kazi kwenye kampuni ya kuchapa vitambaa, Calico Printers' Association, huko Manchester, hataza yao ni ya 1941. Hiyo terilini mliyovaa ndiyo poliesta yenyewe, na tetroni ni jina la Wajapani kwa kitu hichohicho. Uzi haujabadilika.

#9 Hajati wa Bombo
Na wazee walivaa fulana ya pamba ndani ya shati! Marehemu mume wangu hakuwahi kutoka bila fulana nyeupe. Jasho lilikuwa linaishia pale, shati la terilini halikuligusa. Mzee wa Arua, sema kweli, ulivaa au hukuvaa?

#10 Mzee wa Arua
Nilivaa. Lakini kitambaa pia kilikuwa kizito, hilo silirudishi nyuma.

#11 Dobi wa Kisenyi
Nimesoma yote. Mimi nafua nguo za watu kwa kuishi, na nguo zinazonuka ninazopokea nyingi zina kasoro moja: sabuni imezidi, na ile dawa ya kulainisha nguo imezidi zaidi. Mtu anatia vikombe na vikombe ili inukie. Dawa ile inaacha utando kwenye uzi, utando unafunga mafuta ndani. Loweka gomesi kwenye beseni la maji safi ya vuguvugu bila sabuni yoyote, uikoroge kwa mkono, uone povu linavyotoka. Povu linatoka wapi kama hukutia sabuni? Ni ya juzi na ya mwezi uliopita.

Wanaotumia maji ya kisima wana balaa la pili, kuna visima vyenye maji magumu, sabuni ya mche inaganda ikawa kama unga mweupe na kushika kwenye nguo.

Dawa yangu: siki nyeupe kikombe kimoja kwenye beseni la maji, loweka nusu saa, suuza, ndipo ufue kwa sabuni kidogo. Usilainishe.

#12 Nesi wa Kasese
Dobi, siki sawa, lakini ongeza onyo: asije mtu akachanganya siki na jiki kwenye beseni moja. Inatoka gesi ya klorini, inakaba mapafu. Hiyo ni hatari ya kweli.

#13 Dobi wa Kisenyi
Asante nesi. Kweli kabisa, siki siku yake, jiki siku yake. Na kwenye gomesi ya rangi jiki isiguse kabisa.

#14 Binti wa Moroto
Mimi nimekwama hapo mnaposema tusilainishe. Huku Karamoja kiangazi kikikaza, nguo ya poliesta inang'ang'ania miguu, unatembea inapanda, ukivua gizani unaona cheche. Dawa ya kulainisha ndiyo inayoniokoa. Nikiiacha nanuka vizuri lakini siwezi kutembea mbele ya watu.

#15 Mwalimu wa Kemia, Mbale
Binti, uko sahihi, na Dobi naye yuko sahihi, ndiyo ugumu wake. Umeme ule unajikusanya kwa sababu uzi hauna unyevu wa kuupitisha. Hewa ikiwa kavu inazidi. Kampala na Jinja ziwa liko karibu, hewa ina maji, ndiyo maana wenzako hawalalamiki sana. Mlainisho unaacha tabaka linaloshika unyevu kidogo, umeme unapata njia, lakini tabaka hilohilo linashika mafuta.

#16 Hajati wa Bombo
Kikooyi jamani! Mnasumbuka na dawa za dukani, bibi zetu wa Buganda walishatatua. Chini ya gomesi unafunga kikooyi cha pamba, gomesi haikushiki. Binti, chini ya gauni lako vaa kitu cha pamba kirefu, utembee salama.

#17 Fundi wa Kiyembe
Kikooyi kinasaidia kiunoni kwenda chini, Hajati. Kwapani hakifiki. Narudia: bitana ya pamba kwapani.

#18 Kijana wa Owino
Fundi anatafuta wateja 😂

#19 Fundi wa Kiyembe
Ninao wa kutosha, kijana. Nakwambia ninachokiona nikifumua gomesi za zamani kuzirekebisha. Kikazio cha kwapani kinatoka njano, kigumu, ukikivunja kina unga. Huo unga ni nini kama siyo jasho na mafuta ya kupaka yaliyoganda?

#20 Nesi wa Kasese
Fundi, huo unga sehemu kubwa nadhani ni dawa ya kuzuia jasho. Zile za kukausha kwapa zina chumvi za aluminiamu. Zinachanganyika na jasho na sabuni, zinaganda. Nguo ya mtu asiyepaka mara nyingi haina njano nyingi hivyo. Mama Wasswa, unapaka?

#21 Mama Wasswa, Jinja
Napaka, ya kuzungusha. Na huwa navaa ikiwa bado mbichi kidogo, kwa haraka.

#22 Nesi wa Kasese
Acha ikauke kabisa kabla ya kuvaa, au tumia ya kuondoa harufu tu isiyo na aluminiamu ukivaa satini. Halafu nina hoja nyingine, imenikaa siku nyingi: nzi wa maembe. Wote tumefundishwa nguo zote zipigwe pasi, hata za ndani, hata soksi, kwa sababu yule nzi anataga kwenye nguo mbichi iliyo kivulini au yenye jasho, mayai yakianguliwa funza anaingia kwenye ngozi. Klinikini naona watoto wana majipu mgongoni, ukilikamua anatoka funza mzima, mweupe, anajikunja. Mama anasema, nguo ilikuwa poliesta, niliogopa kuiunguza, sikuipiga pasi. Tunafanyaje na vitambaa hivi?

#23 Dobi wa Kisenyi
Pasi inapigwa, nesi, ila kwa akili. Pasi za umeme zina vidoti vya kuonyesha joto. Kimoja ni nyuzi joto 110, viwili 150, vitatu 200. Poliesta iishie viwili, satini nyepesi hata kimoja. Poliesta inayeyuka kwenye 250 na ushei, lakini inaharibika mapema zaidi: inang'aa vibaya, inajikunja, inashika chini ya pasi.

Wengi wetu huku tuna pasi ya mkaa na haina kidoti. Mimi naanza na nguo za pamba pasi ikiwa kali, poliesta zinakuja mwisho mkaa ukishapoa. Nafuta uso wa pasi kwenye jani la mgomba: jani likilia na kugeuka kahawia papo hapo, bado. Likitoa mvuke taratibu, sawa. Kisha natandaza kitambaa cha pamba chenye unyevu juu ya gomesi, nimeigeuza ndani nje, napita mishono yote. Mvuke ule na joto lile funza hapiti.

#24 Mwanafunzi wa Mitindo
Nyongeza kwa Dobi: tusitumie maji ya kuchemka kufulia poliesta. Ikifika nyuzi joto 70 hadi 80 uzi unalegea, na mkunjo ulioko wakati huo ukipoa unabaki. Ndiyo siri ya sketi za shule za marinda: yanakandamizwa kwa joto kiwandani, mtoto anafua mwaka mzima marinda yako palepale. Ukitia gomesi kwenye maji ya moto ukaikamua kwa kuinyonga, umeipa marinda usiyoyataka. Vuguvugu la kuvumilika na mkono linatosha.

#25 Mwalimu wa Shule, Busia
Umegusa sare. Shati nyingi za shule ni mchanganyiko, asilimia 65 poliesta na 35 pamba. Zinadumu, hazikunjamani, mzazi ananunua mara moja. Darasani saa nane mchana, watoto wengi chini ya bati, madirisha mawili, nawahurumia. Tungeweza kuomba pamba nyingi zaidi. Sisi tunalima pamba Kasese, Lango, Teso, na Jinja ilikuwa na kiwanda cha nguo tangu miaka ya 1950.

#26 Mzee wa Arua
Mashuka ya Jinja! Huo ndio uliokuwa mpango. Pamba yetu, umeme wa bwawa letu, shuka linakaa miaka. Leo tunavaa chupa.

#27 Kijana wa Owino
Mzee, mimi nauza mivumba, yaani mitumba, nikusaidie. Mwaka 2023 Rais aliposema kule Mbale kwamba mivumba ipigwe marufuku, watu walidhani tutarudi kwenye pamba. Wateja wangu wanasema wakikosa mivumba watavaa nguo mpya za bei poa, na hizo karibu zote ni poliesta. Kwenye bale ndiko nakopata shati la pamba tupu. Kuna kina mama wanakuja alfajiri bale inafunguliwa, wanasugua kitambaa kwa kidole gumba, hawasomi hata lebo.

#28 Mlinzi Mstaafu
Salaam. Sina la kusema kuhusu harufu, nina la moto. Tulikuwa walinzi Iraki, Waganda wengi tulikwenda. Mwaka 2006 askari wa Marine wa Marekani walikatazwa kuvaa nguo za poliesta na nailoni nje ya kambi, kwa sababu bomu likilipuka nguo inayeyuka na kushikana na ngozi. Madaktari wanabandua ngozi na nguo pamoja. Sisi tuliambiwa vilevile, ndani vaa pamba. Nimerudi nyumbani nakuta mabinti wanapika kwenye kuni, wameinama, mikono mipana ya satini iko juu ya moto. Nasema hapa kwa uchungu: jikoni vueni.

#29 Hajati wa Bombo
Mungu akubariki Afande. Harusini wapishi wetu tunawapa kanga na blauzi za pamba, na gomesi zinavaliwa chakula kikishaiva. Akina mama, hata kwenye sigiri ya mkaa.

#30 Mama Wasswa, Jinja
Afande, nimelichukua hilo, asante. Sasa nijueje kama hii yangu ni poliesta kweli na siyo hariri? Nimelipa bei ya hariri.

#31 Mwanafunzi wa Mitindo
Chomoa nyuzi chache kwenye pindo la ndani. Zishike kwa kibano juu ya sahani, siyo kwa vidole, uzisogeze kwenye kiberiti. Poliesta inakimbia moto kwanza, inajikunja, inayeyuka, moshi mweusi, ikipoa inabaki punje ngumu nyeusi ambayo huwezi kuisaga kwa kucha. Hariri inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika. Pamba inawaka haraka kama karatasi, majivu ya kijivu, laini.

#32 Mama Wasswa, Jinja
Nimefanya. Punje nyeusi, ngumu. Ile iliyotoka kwenye bitana imewaka kama karatasi.

#33 Fundi wa Kiyembe
Basi bitana yako ni pamba, na bado kwapa linanuka. Kwa hiyo ni kikazio, kama nilivyosema.

#34 Mwalimu wa Kemia, Mbale
Au ni satini yenyewe, kama nilivyosema mimi. Bitana ya pamba imekunywa maji, mafuta yamepita yakaenda kukaa kwenye poliesta.

#35 Dobi wa Kisenyi
Au ni mlainisho. Hajatuambia bado kama anatumia.

#36 Mama Wasswa, Jinja
Natumia. Wa buluu. Kwa kipimo cha kifuniko, wakati mwingine viwili.

#37 Nesi wa Kasese
Na dawa ya kwapa mbichi. Tusisahau hiyo.

#38 Dada wa Masaka
Nimechelewa. Nina busuuti (ndiyo gomesi hiyohiyo) ya poliesta imepauka mabegani, nataka kuitia rangi nyeusi niitumie msibani. Zile poda za sokoni zinafaa?

#39 Mwanafunzi wa Mitindo
Hazifai dada, utapoteza pesa. Poda nyingi za sokoni ni za pamba. Poliesta inahitaji rangi yake maalumu, na kiwandani inapikwa kwenye chombo kilichofungwa cha presha, nyuzi 130 hivi. Sufuria yako inaishia 100. Itashika kijivu chenye mabaka, au isishike kabisa. Vijana wa Nasser Road, Kampala, wanaochapa jezi wanatumia rangi za aina hiyo, ila kwa pasi kubwa ya karibu nyuzi 200, rangi inageuka mvuke na kuingia kwenye uzi. Wanaweza kukuchapia picha, busuuti nzima hawataiweza.

#40 Mwalimu wa Shule, Busia
Na tukiwa tunafua, tukumbuke ziwa. Kila ukisugua poliesta, vijinyuzi vinakatika vinaondoka na maji. Watafiti walipima sato na sangara walionunuliwa soko la Mwanza, wakakuta vipande vya plastiki matumboni, matokeo yakachapishwa 2016. Ni ziwa moja na letu. Beseni la vuguvugu na kufikicha pole pole ni bora kuliko brashi ngumu.

#41 Fundi wa Kiyembe
Dada wa Masaka, ukiwa na kitambaa kilichobaki usitie rangi. Lete, nikubadilishie mabega tu. Mabega ndiyo yanayopigwa jua, mwili wa nguo bado mzima.

#42 Dada wa Masaka
Nina mita moja ilibaki. Inatosha mabega yote mawili?

#43 Fundi wa Kiyembe
Inatosha, na kwapani inabaki ya kutia kipande. Cha pamba nitatoa mimi.

#44 Mwalimu wa Kemia, Mbale
Kabla hujaweka pamba hiyo, Fundi, iloweke na kuikausha kwanza. Pamba inaweza kunywea ikifuliwa mara ya kwanza na poliesta hainywei, kwapa litavutika.

#45 Fundi wa Kiyembe
Hilo nalifanya tangu naanza kazi, Mwalimu. Ila umefanya vyema kuliandika, kuna mafundi wanalisahau.